Mume akaribishwe kliniki, uamuzi ubaki kwa mama

Wanaume wanahimizwa kila mahali washiriki na wake zao katika kupanga uzazi. Ni wito mzuri. Akina mama wengi, kuanzia Kibomet hapa Kitale hadi Bungoma, wangeufurahia. Lakini wapo wanaouogopa, na hofu yao ina msingi. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma ziwasikilize wote kabla ya kuwaita waume.

Wanachotaka akina mama kiko wazi. Mume atoe nauli ya kliniki. Akumbuke tarehe ya kurudia sindano, maana miezi 3 hupita upesi na anayechelewa anaweza kushika mimba. Hedhi ikivurugika baada ya mkewe kuwekwa kijiti, avumilie, asimshuku kuwa ana mwanamume nje. Na mama mkwe akiuliza mbona mjukuu mwingine haji, ajibu yeye mwenyewe.

Wanachoogopa pia kinajulikana. Yuko mama anayeacha kadi yake ya kliniki kwa jirani. Yuko anayechagua sindano kwa sababu haiachi alama, ilhali kijiti hupapaswa chini ya ngozi ya mkono. Huyo ukimwambia "njoo na mzee", hatarudi tena.

Ushahidi upo. Utafiti uliofanywa Lusaka, Zambia, na kuchapishwa 2014, ulilinganisha wanawake waliopewa nafasi ya kupata huduma ya kupanga uzazi wakiwa peke yao na wale waliopewa mbele ya waume zao. Miongoni mwa hawa wa pili, uwezekano wa kuifuata huduma ulikuwa chini kwa asilimia 19, na wa kujifungua ukawa juu kwa asilimia 27. Mume akifanywa mlinzi wa mlango, wapo watakaofungiwa nje.

Kenya imetoka mbali. Mpango wetu wa kitaifa wa kupanga uzazi ulianza 1967, wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa wastani wa watoto 8. Kufikia 2022 wastani ulikuwa 3.4, na asilimia 57 ya wanawake walioolewa walitumia njia za kisasa. Karibu mzigo wote umebebwa na mwili wa mwanamke: sindano, kijiti, koili na tembe. Kondomu iko, na pia vasektomia, lakini hii ya pili wanaume wameikimbia wakidhani ni kuhasiwa. Sivyo. Ni upasuaji mdogo wa dakika chache, kwa ganzi, na nguvu za kiume hubaki palepale. Wanandoa hutumia njia nyingine kwa takriban miezi 3 hadi vipimo vithibitishe kwamba mbegu zimekwisha.

Basi tunataka mambo matatu. Kwanza, asiwepo mama wa kurudishwa nyumbani kwa kuwa amekuja bila mume. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya ya uzazi, na hakikutaja ruhusa ya mwenzi. Hata wanandoa wakija pamoja, muuguzi aongee na mama faragha kwanza.

Pili, wanaume wafuatwe waliko: steji za bodaboda, foleni za kuuza mahindi, makanisani na kwenye baraza za chifu. Wafundishwe hatari za mimba za kufuatana na wapewe nafasi ya kuuliza bila kuchekwa. Agosti ya kila mwaka shufwa, wazee wa Kibukusu huwapa vijana wanaotahiriwa nasaha za kuwa mwanamume kamili. Wakiongeza neno kuhusu kuzaa kwa mpango, litasikika kuliko bango lolote la hospitali.

Tatu, kliniki ziwe na saa za jioni au Jumamosi kwa wanandoa wanaotaka kuja pamoja. Anayeshinda kwenye pikipiki au shambani hawezi kukaa kwenye benchi asubuhi nzima ya Jumanne.

Na mwanamume asiyejua pa kuanzia asingoje kaunti. Amuulize mkewe tarehe ya kliniki, ampe nauli na abaki na watoto. Akiombwa kumsindikiza, aende.