ALIYERITHI FAIDA NA AZOE UCHAFU



Zamani Uingereza gesi ya taa na ya kupikia ilitoka katika makaa ya mawe yaliyookwa ndani ya matanuri makubwa. Wafanya kazi wa matanuri hayo walitumika saa 12 kwa zamu, mpaka mwaka 1889 Will Thorne na wenzake wa Beckton, London, walipounda chama chao na kupata saa 8. Gesi ilikwenda mabombani, faida ikaenda kwa matajiri, na lami yenye sumu ikabaki ardhini. Ndani ya lami hiyo mna benzini, iletayo saratani ya damu.

Katika mji mdogo wa Bawtry, karibu na Doncaster, kiwanda kimoja cha gesi kilifungwa, na nyumba zikajengwa mahali pake. Mwaka 2001 shimo la lami likaonekana katika bustani ya mtu. Serikali ikasafisha udongo wa nyumba 11, kwa gharama ya zaidi ya pauni 700,000. Kisha ikaidai kampuni kubwa iliyorithi mali ya viwanda vile. Mwaka 2007 majaji wa Baraza la Malodi wakaamua kwamba kampuni haidaiwi hata senti, kwa kuwa si yenyewe iliyomwaga lami. Basi gharama ikawaangukia walipa kodi.

Ndugu, hii ni haki gani? Mabomba yalirithiwa. Wateja walirithiwa. Deni peke yake ndilo lililokosa mrithi! Watatuambia kwamba wenye hisa walinunua mwaka 1986 bila kujua. Nasi twauliza: mwenye nyumba aliyepanda mboga juu ya lami, yeye alijua?

Msiseme haya ni ya Wazungu. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha risasi ya betri kuukuu, na sumu ikaingia katika udongo na katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia ile, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watu walizunguka mahakamani miaka mingi, na udongo haungoji hukumu.

Kwa hiyo sisi twadai mambo matatu. Kwanza, fedha za kusafisha ardhi ziwekwe akiba wakati kiwanda kingali chapata faida, si baada ya tajiri kufunga mlango na kwenda zake. Pili, anunuaye kiwanda anunue na uchafu wake, na sheria iseme hivyo wazi. Tatu, mfanya kazi atakayeshika jembe kuchimba sumu hiyo apewe glavu, viatu, kifuniko cha pua na daktari, na nguo zake zifuliwe kazini, asiwapelekee watoto wake sumu nyumbani.

Mkiambiwa mchimbe bila vitu hivyo, wekeni majembe chini, mje ofisini kwa chama.

Umoja ni nguvu.