Mpeni Masikini Haki Yake Mkononi

  

Ndugu zetu Waislamu, kila inapokaribia Ramadhani huonekana jambo moja katika miji yetu. Akina mama na wazee hujipanga tangu alfajiri mbele ya lango la tajiri wakisubiri kilo mbili za sukari, unga, na pengine kanga moja. Mpiga picha yupo. Bango lenye jina la mfadhili lipo. Mpokeaji hushikishwa mfuko akaambiwa atazame kamera. Jioni hurudi kwake, na paa linavuja kama lilivyovuja jana, mtoto hana sare ya shule, deni la dukani liko palepale. Mwaka unaofuata atapanga foleni ile ile. Nasi hujipongeza kwamba tumetoa.

Na huyo ni masikini wa mjini. Masikini wa kijijini hata foleni hiyo haioni.

Tunasema waziwazi: masikini, hasa wa kijijini, apewe fedha taslimu mkononi mwake, za kutosha kubadilisha hali yake, kisha aachiwe mwenyewe aamue la kufanya. Tunajua wako watakaochukizwa na maneno haya. Tunawaomba watusikilize kwanza, kisha wahukumu kwa insafu.

"Masikini hajui kutumia pesa"

Hii ndiyo hoja tunayoisikia kila tunapolizungumza jambo hili katika baraza zetu. Mpe fukara fedha, wanasema, atazinywea pombe, atatafuna mirungi, ataongeza mke. Mpe sukari, angalau utajua wanawe wamekunywa chai.

Tunauliza: elimu hii imetoka wapi? Allah (S.W.) ametukataza katika Suratul-Hujurat kufuata dhana nyingi, maana baadhi ya dhana ni dhambi. Tajiri akipata milioni kumi hatumuulizi atazitumiaje. Mjane akipewa laki moja, tunamwekea mlinzi. Je, hiyo ni hekima au ni kiburi?

Jambo hili limeshapimwa, wala halihitaji kukisiwa. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti zilizofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu familia masikini zilizopewa fedha. Kwa ujumla hawakukuta kwamba matumizi ya pombe na tumbaku yaliongezeka, na mahali pengi yalipungua. Huko Rarieda, magharibi ya Kenya, watafiti walizifuatilia familia zilizopelekewa fedha kwa simu bila ya sharti lolote. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016: chakula kiliongezeka, mali za nyumbani ziliongezeka, pombe na tumbaku havikuongezeka.

Wala masikini si mwenye tamaa kama tunavyomdhania. Takriban mwaka 2015, katika kaunti ya Homa Bay huko huko Kenya, familia nyingi zilikataa fedha hizo kwa sababu ya uvumi kwamba ni mali ya shetani. Walikuwa na haja nazo, lakini waliiogopea imani yao. Watu wa namna hiyo ndio tunaosema hawawezi kuaminiwa na shilingi!

Fedha hizo zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwanza juu ya paa. Baadhi ya waliopewa fedha Rarieda walinunua mabati. Mtu wa mjini aweza kudhani kwamba hilo ni jambo la fahari tu. Anayekaa chini ya nyasi anajua kwamba nyasi huoza, kwamba kila baada ya muda mfupi lazima zitafutwe au zinunuliwe nyingine na alipwe fundi wa kuezeka, na kwamba mvua ikinyesha usiku mama husimama amembeba mtoto hadi asubuhi. Aliyeezeka bati ameifunga njia iliyokuwa ikimla fedha kila mara.

Watafiti waliona tena jambo la kutia mazingatio. Waliopewa fedha kidogo kidogo kila mwezi, chakula chao kilitengemaa zaidi. Waliopewa kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Kila mmoja alizipima fedha kwa namna zilivyomfikia. Huu ni mpango wa watu wenye akili timamu.

Tanzania nako tuna ushahidi. Serikali ilianza kujaribu kutoa ruzuku kwa kaya masikini mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kupitia TASAF, na baadaye mpango ukaenea nchi nzima. Tathmini ya majaribio yale ilikuta kwamba familia zilizopokea zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, zilifuga kuku na mbuzi zaidi, na watoto wao walipata viatu. Mama wa kijijini hana benki. Kuku ndio akiba yake: mtoto akiugua usiku, asubuhi jogoo anauzwa na dawa inapatikana.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Katika kaunti ya Siaya, zaidi ya familia 10,000 masikini zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kwamba wakati wa fedha zile, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Hakukuwa na muujiza. Mama mjamzito aliweza kupumzika na kazi za sulubu katika miezi ya mwisho, aliweza kula, na uchungu ulipomjia aliweza kufika hospitali. Basi na tujiulize: katika vijiji vyetu tumezika watoto wangapi kwa kukosa nauli?

Na jirani je? Utafiti mwingine juu ya fedha hizo hizo, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba kila dola moja iliyotolewa iliongeza uchumi wa eneo lile kwa takriban dola mbili na nusu, na bei za vitu zilipanda kwa kiasi kidogo mno. Mwenye mabati alimlipa fundi, fundi alinunua dukani, mwenye duka aliajiri kibarua. Mfuko wa sukari hauna mzunguko huo. Hunywewa ukaisha, na faida hubaki kwa mwenye duka la jumla mjini.

Dini inasemaje?

Baadhi ya ndugu zetu hudhani kwamba haya ni mawazo ya mashirika ya kigeni. Turejee nyumbani. Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imetaja mafungu manane ya wanaostahiki zakat. Wanazuoni wameeleza kwamba mafungu manne ya mwanzo, yakiongozwa na mafukara na masikini, yametajwa kwa herufi ya lamu, ambayo ni lamu ya milki. Maana yake ni kwamba mali ile inakuwa yao. Ikishakuwa yao, sisi ni nani wa kuwachagulia rangi ya kanga?

Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake husomeshwa katika madrasa zetu zote za pwani, ameeleza katika Al-Majmuu kwamba fukara hupewa cha kumtosheleza: mwenye ufundi hupewa thamani ya zana zake, na mfanyabiashara hupewa mtaji wa kumwezesha. Tunamsoma Nawawi kila siku. Kwa nini katika mlango huu tunampita?

Wako wanaoshika Hadithi ya Ansari aliyekwenda kuomba, iliyopokewa na Abu Daud, wakasema kwamba masikini apewe kazi, asipewe fedha. Waisome hadi mwisho. Mtume (S.A.W.) aliviuza vitu vya mtu yule kwa dirhamu mbili, akampa mwenyewe, moja anunue chakula cha ahali zake na nyingine anunue shoka. Fedha zilitiwa mkononi mwake, na chakula kilitangulia, kwani mwenye njaa hawezi kuchanja kuni. Yule alikuwa na kitambaa na chombo cha kuuza. Asiye na cha kuuza atapata wapi dirhamu ya shoka, ikiwa si katika zakat?

Wakulima wa Lindi na Mtwara wanaijua kangomba. Mwenye shida huuza korosho zake kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, kwa sababu mtoto anaumwa leo. Wengine wamenaswa na mikopo ya kausha damu, ambayo ni riba tupu. Tunapanda mimbari kuilaani riba, na ni haki kuilaani. Lakini tukimwacha ndugu yetu mbele ya mlango wa mla riba bila ya kumwonyesha mlango mwingine, hotuba yetu itamfaa nini?

Tahadhari na wito

Hatusemi kwamba fedha ni dawa ya kila ugonjwa. Watoto wale wa Siaya waliokoka zaidi pale palipokuwa na hospitali karibu. Barabara, zahanati na walimu bado vinahitajika. Wala hatufichi kwamba fedha huibwa. Mwaka 2022, huko Kivu Kusini nchini Kongo, baadhi ya watumishi waliopewa amana ya kuwafikishia masikini fedha waliziiba. Lakini aliyeiba hapo si masikini. Ni aliyesimama katikati. Basi dawa yake ni kumpunguza wa katikati na kuweka hesabu mbele ya macho ya watu.

Zakatul-fitri ina hukumu zake, na khitilafu ya wanazuoni juu ya kuitoa kwa thamani inajulikana. Hatuigusi hapa. Tunazungumzia zakat ya mali na sadaka. Tunajua pia maneno ya madhehebu yetu juu ya kuihamisha zakat kutoka mji hadi mji. Basi matajiri wa kila wilaya waanze na vijiji vya wilaya yao, na sadaka haina mpaka huo.

Tunaziomba kamati za misikiti zifanye mambo manne kabla ya Ramadhani ijayo. Ziandikishe kaya zenye dhiki, na majina yathibitishwe na wanakijiji wenyewe, ili asiyepata ajue kwa nini hakupata. Zichague kaya chache na kuzipa za kutosha, kuliko kuwagawia watu elfu moja kilo mbilimbili. Zitume fedha kwa simu au zikabidhi kwa mkono, bila ya bango wala kamera, kwani Suratul-Baqara imetufundisha kwamba kuificha sadaka na kuwapa mafukara ni bora, na imetuonya tusiibatilishe kwa masimbulizi na udhia. Na zisome hesabu msikitini, kilichoingia na kilichotoka, bila ya kutaja majina ya waliopewa.

Wenye mali watasema hawataonekana. Kweli, hawataonekana na watu. Basi kila mmoja wetu ajiulize alikuwa akimtolea nani.