Kelele: Sheria yatazama kero, sikio lahesabu jeraha

Kila mara msako unapofanywa dhidi ya matatu zenye muziki wa kuhinikiza au vilabu vinavyokesha mitaani, mjadala huwa ni ule ule. Wakazi hulalamikia usingizi, wenye biashara hulilia riziki, nao maafisa hubeba spika na kwenda zao. Iwapo kuna mtu aliyeharibiwa masikio, hilo halitajwi.

Chimbuko la kasoro hii limo katika sheria zenyewe.

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo iliyokithiri zilichapishwa mwaka wa 2009, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira. Kwa mujibu wa kanuni hizo, sauti nje ya nyumba katika mtaa wa makazi haifai kuzidi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Katika maeneo ya biashara kiwango cha mchana ni 60, lakini kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kinashuka hadi 35 vilevile.

Desibeli 35 ni juu kidogo tu ya mnong'ono. Barabara ya kawaida ya Nairobi au Mombasa huvuka kiwango hicho hata kabla ya yeyote kuwasha redio. Sheria ambayo kila mtu anaivunja humwachia afisa hiari ya kuchagua wa kumkamata, na Wakenya wanafahamu vyema jinsi hiari ya aina hiyo inavyotumiwa.

Viwango hivyo vilikusudiwa kulinda utulivu, jambo ambalo ni jema. Hata hivyo, sikio lina hesabu yake.

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila nyongeza ya desibeli 10 huzidisha nguvu ya sauti mara 10, ilhali msikilizaji huhisi ni kana kwamba imeongezeka maradufu tu. Kutoka 35 hadi 85, nguvu inayoingia sikioni huwa imezidi mara 100,000. Hapo ndipo ulipo udanganyifu: binadamu huzoea haraka, akadhani kuwa kilichozoeleka hakimdhuru.

Wataalamu wa afya ya kazi wanakubaliana kwa jumla kwamba mtu anaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Juu ya hapo, kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo hupunguzwa nusu. Katika desibeli 88 ni saa nne, 94 ni saa moja, na ikifika 100 ni dakika 15 pekee. Asiye na kifaa cha kupimia ana njia rahisi ya kukadiria: akilazimika kupaza sauti ili asikiwe na mtu aliye umbali wa mkono, yamkini mpaka wa 85 umekwisha kuvukwa.

Ndani ya sikio mna seli nyeti zenye vijinywele, takriban 15,000 kwa kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kuumia aghalabu ni zile zinazopokea sauti nyembamba, hivyo mwathiriwa huendelea kusikia ngoma na honi sawasawa huku konsonanti zikimponyoka. Hubaki akibabaika kati ya "saba" na "shaba", au kati ya "fika" na "shika", na kuwalaumu wenzake kwa kunung'unika badala ya kuzungumza.

Sasa na tutazame abiria wa nganya, kama vijana wanavyoziita matatu zilizorembwa. Hata muziki ukiwa mkali, yeye hushuka baada ya nusu saa au saa moja. Dereva na utingo wake hubaki humo tangu alfajiri hadi usiku. Ikiwa sauti ni desibeli 94, kipimo chao cha siku nzima humalizika kabla ya saa mbili asubuhi.

Watu hawa wawili hawazungumziwi na yeyote. Kanuni za 2009 zinamtazama jirani anayekerwa. Kanuni za kelele viwandani na katika sehemu nyingine za kazi, za mwaka wa 2005, zinaruhusu hadi desibeli 90 kwa saa nane, ingawa zinamtaka mwajiri kuchukua hatua za kuwakinga wafanyakazi inapofika 85. Tofauti ya tano huenda ikaonekana ndogo, lakini sauti ya 90 ina nguvu zaidi ya mara tatu ya ile ya 85. Mataifa ya Muungano wa Ulaya yaliweka ukomo wa 87 kupitia agizo la mwaka wa 2003.

Kwa hivyo Kenya ina sheria mbili, moja kali kiasi cha kutotekelezeka na nyingine legevu kuliko sikio linavyostahimili.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Nairobi ilijaribu mwishoni mwa 2022, pale serikali ya Gavana Johnson Sakaja ilipoagiza vilabu vya usiku vifungwe katika mitaa ya makazi. Kwa mara nyingine hoja ilikuwa usingizi wa jirani. Mwaka uo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limetoa mwongozo tofauti kwa kumbi za burudani: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, ipimwe papo hapo, na pawepo mahali patulivu pa kupumzisha masikio. Mwongozo huo unamjali aliye ndani, akiwemo mhudumu wa baa anayesimama kando ya spika hadi alfajiri.

Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka wa 2007, inatambua pia magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini utingo anayelipwa kwa siku hana barua ya ajira, na siku alipoanza kazi hakuna aliyempima usikivu. Atakapofika hospitalini akiwa na mvumo usiokoma masikioni, daktari anaweza kuona kwamba amepoteza uwezo wa kusikia. Kuthibitisha kwamba aliupotezea ndani ya matatu, na ni mwenye matatu ipi kati ya zote alizozifanyia kazi anayepaswa kulipa, ni kesi ambayo wakili wake atapata taabu hata kuianza.