Duka Kubwa Likija Katesh, Mkulima Alipwe Lini?

Tarehe 28 Julai 2025 Serikali ilitoa amri, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, inayowazuia watu wasio raia wa Tanzania kufanya biashara za aina 15. Ya kwanza katika orodha hiyo ni biashara ya jumla na ya rejareja. Amri ilitolewa na aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara wakati huo, Ndugu Selemani Jafo, na adhabu yake si ndogo: mgeni atakayeivunja atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au atafungwa, na kibali chake cha kuishi nchini kitafutwa. Wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao kwa muda mrefu walilalamika kwamba wageni wameingia hata katika kuuza ndala na vikombe, waliipokea kwa furaha. Walikuwa na haki ya kufurahi.

Hata hivyo, amri hiyo imeacha mlango mmoja wazi. Supamaketi hazimo katika marufuku. Mtu wa nje hawezi kufungua duka la kuuza sukari na sabuni katika kona ya mtaa, lakini anaweza kujenga duka la kuuza sukari, sabuni, nyama, unga, mboga na viatu chini ya paa moja, mradi liwe kubwa vya kutosha kuitwa kwa jina hilo. Wakuu wa nchi bila shaka walikuwa na sababu zao, kwani uwekezaji mkubwa unaleta kodi na ajira. Lakini mwenye kusoma sheria kwa makini huuliza ni nani atakayepita katika mlango ulioachwa wazi, na atapita akielekea wapi.

Atapita akielekea miji midogo. Dar es Salaam na Arusha zimekwisha kuzizoea supamaketi. Sasa barabara ya lami kutoka Babati kwenda Singida inapita Katesh, na lori linalobeba bidhaa za dukani haliogopi tena masika. Mbulu imekuwa mji wenye halmashauri yake. Haydom, palipojengwa hospitali ya Walutheri mwaka 1955, imekua kutoka kijiji hadi mji unaojaa wagonjwa, wauguzi na wanafunzi. Mahali penye watu wanaolipwa mshahara kila mwisho wa mwezi hapakosi kuonwa na mwenye mtaji. Siku ramani ya jengo itakapowekwa mezani pa halmashauri, nafasi ya kufikiri itakuwa imekwisha; kitakachobaki ni kugombana. Ni heri mjadala ufanyike kabla ya kiwanja kupimwa.

Wanaotaka duka la namna hiyo wana hoja zao, na si hoja za kupuuzwa. Mwalimu wa Dongobesh anayesafiri mpaka Babati kununua vitu ambavyo angevipata hapo hapo anapoteza nauli na siku nzima. Katika supamaketi bei imeandikwa, haibadiliki kwa sura ya mnunuzi; risiti inatolewa; tarehe ya mwisho ya matumizi inaonekana. Na mwenye duka dogo naye si malaika. Mizani iliyochezewa ipo. Sukari inayotoweka rafuni mara inapovuma habari kwamba bei itapanda ipo. Wazee waliokuwapo mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi iliyoongozwa na marehemu Edward Moringe Sokoine, wanakumbuka katoni za sabuni zilizofukuliwa uani mwa watu walioapa kwamba hawana hata kipande. Haifai kumtetea mtu kwa sababu tu duka lake ni dogo.

Lakini kuna kazi moja inayofanywa na duka dogo ambayo haionekani kwa mtu anayetazama rafu peke yake. Kazi hiyo imo ndani ya daftari.

Kila duka la mtaani Katesh, Endasak, Bashay au Dongobesh lina daftari lililochakaa pembe, limeandikwa kwa kalamu ya wino majina ya wakopaji na deni la kila mmoja. Mkulima wa sehemu hizi hupanda mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, na huvuna katikati ya mwaka unaofuata. Katikati ya nyakati hizo mbili ana shamba, ana watoto shuleni, lakini fedha hana. Huenda dukani akachukua kilo ya chumvi, sukari robo, mafuta ya kupima na kiberiti, na jina lake likaandikwa. Mahindi yanapouzwa, au mbaazi, au vitunguu swaumu, anarudi kulipa. Hakuna benki itakayomkopesha mtu mafuta ya kula ya shilingi mia tano. Mwenye duka humkopesha kwa kuwa anamjua, anamjua na baba yake, na anajua shamba lake liko upande gani wa kilima. Supamaketi haina daftari. Ina mashine ya kuhesabu fedha, na mashine haimjui mtu. Kadhalika haiuzi mafuta ya kupima; huuza chupa nzima, na asiye na bei ya chupa nzima hatoki na kitu.

Kwa hiyo, anayesema kwamba maduka madogo yafe kwa kuwa ni ghali, sharti aeleze nani atamlisha mkulima mwezi wa Machi.

Jambo hili lina uzito wa pekee Katesh. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji huo pamoja na kijiji cha Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Maduka na vibanda vilijaa tope mpaka juu, na bidhaa zilizokuwa zimenunuliwa kwa ajili ya Krismasi zikapotea. Pamoja na bidhaa, yalipotea madaftari. Mwenye duka aliyeanza upya baada ya msiba ule alianza bila mali na bila hata orodha ya wanaomdai na anaowadai. Kumletea mtu wa namna hiyo mshindani mwenye maghala Arusha, bila maandalizi yoyote, si ushindani. Ni kumsukuma aliyeteleza.

Nchi hii imewahi kujaribu kubadili maduka kwa haraka, na mafunzo yake hayajafutika. Mwaka 1976, Ndugu Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, ilianzishwa Operesheni Maduka. Nia ilikuwa njema: kumtoa mkulima mikononi mwa mfanyabiashara binafsi na kumpa duka la kijiji, mali yake mwenyewe. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa hatua. Mahali pengi maduka ya watu binafsi yalifungwa kabla duka la kijiji halijapata mtaji, mtunza hesabu wala lori. Kampuni za biashara za mikoa, zilizotakiwa kuleta bidhaa, zilikuwa na upungufu wao. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mkulima akajikuta hana pa kuuzia wala pa kununulia kwa uhakika. Serikali ilibidi ilegeze operesheni, na ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Duka lililopo, hata likiwa na kasoro, halifungwi kwa ahadi ya duka litakalokuja. Kanuni hiyo ilikuwa kweli duka lililokuwa likija lilipokuwa la kijiji. Haiwezi kuwa uongo leo linapokuwa la mwekezaji.

Hanang ina funzo jingine, la kwake yenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, nyanda za Basotu ziligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma la NAFCO, mpaka yakafikia ekari zipatazo laki moja. Wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho yao bora. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka uliofuata shirika likashinda katika Mahakama ya Rufani. Ngano ilivunwa kwa mashine, ikapakiwa katika malori ikaenda kusagwa mijini. Mradi ulikuwa mkubwa, takwimu zake zilikuwa nzuri, na nchi ilihitaji mkate. Lakini kwa mtu wa Basotu, ukubwa ule ulipita mbele ya mlango wake bila kubisha hodi. Wale wanaodhani kwamba kitu kikubwa kikija wilayani basi manufaa yake yanashuka yenyewe kama umande, waende Basotu wakaulize.

Sasa hapo ndipo penye kiini cha suala la supamaketi, na kwa bahati mbaya ndipo watu wanapopatazama kidogo. Wengi hubishana juu ya bei ya kununulia. Wachache huuliza juu ya bei ya kuuzia. Mbulu inalima vitunguu swaumu vinavyojulikana nchi nzima. Hanang ina mahindi, maharage, mbaazi, alizeti na ng'ombe. Duka kubwa litakalofunguliwa Katesh na kuuza vitunguu vilivyoletwa kutoka mbali, maziwa ya pakiti na unga uliosagwa Dar es Salaam, huku maziwa ya Mbarbaig yakiganda kwenye kibuyu umbali wa kilomita tano, litakuwa mrija tu wa kutolea fedha wilayani. Likinunua mazao hayo hapo hapo, kwa kilo na kwa mzani uliokaguliwa, litakuwa limefanya kitu ambacho dalali wa lumbesa hajawahi kukifanya.

Ila kununua peke yake hakutoshi. Lazima lilipe. Uchumi ya Kenya ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya umma ya nchi hiyo, ili wananchi wapate bidhaa kwa bei ya haki. Ilikua, ikavuka mipaka, ikafungua maduka Tanzania na Uganda. Oktoba 2015 ilifunga maduka yake katika nchi zote mbili, na waliokuwa wakiiuzia bidhaa wakaachwa na hati za madai mikononi. Nakumatt, nayo ya Kenya, iliingia Moshi mwaka 2011, na mwaka 2014 ikanunua maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini iliyokuwa ikiondoka nchini. Haikudumu. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe, ikiwa na madeni ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Makampuni hayo hayakukosa wanunuzi. Milango yake ilikuwa imejaa watu. Yalikuwa yakichukua mali leo na kulipa baada ya miezi, na fedha ya muuzaji ikawa ndiyo mtaji wa kufungulia duka jingine. Yaani, mwenye viwanda aliikopesha supamaketi bila kuambiwa kwamba anakopesha.

Kiwanda kikubwa kinaweza kusubiri siku tisini. Mama aliyeleta magunia mawili ya vitunguu swaumu kutoka Bashay hawezi. Atakuwa amekopa nauli ya gari, amekopa magunia, na jina lake limo katika daftari la dukani. Duka kubwa likimcheleweshea malipo, deni litahamia kwa mwenye duka dogo, na hao wawili ndio watakaogombana, wakati mdaiwa halisi amekaa mjini mkubwa asikojulikana hata kwa sura.

Kwa hiyo halmashauri za Hanang na Mbulu zina neno la kusema kabla hazijasema ndiyo au hapana. Kiwanja kisitolewe bure kwa kisingizio cha kuvutia mwekezaji; kikodishwe, na mkataba useme kwamba mazao yanayopatikana wilayani yatanunuliwa wilayani, kupitia vyama vya ushirika vya wakulima pale vilipo, na malipo yatolewe ndani ya siku saba. Dhamana iwekwe benki, ili duka likifungwa ghafla kama yalivyofungwa mengine, mkulima awe na pa kudai. Soko la wazi na mnada vibaki mahali pake. Visihamishiwe porani ili kumpisha mgeni apate maegesho ya magari.

Wenye maduka nao wasikae wakingoja kuhurumiwa. Watu thelathini wa Katesh ambao kila mmoja anapanda basi peke yake kwenda Arusha kununua katoni kumi za sabuni wananunua kwa bei ya mtu wa katoni kumi. Wakijiunga wakakodi lori moja, watanunua kwa bei ya lori. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inawaruhusu. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na baadhi yao ni hao hao wenye vibanda. Hakuna kifungu kinachosema kwamba supamaketi ya kwanza ya Katesh ni lazima iwe ya mtu kutoka mbali.

Na likija la mtu kutoka mbali, mkataba wake usifungiwe kabatini. Ubandikwe kwenye mbao za ofisi za kata, Katesh na vijijini pia, kwa Kiswahili, siku thelathini kabla ya madiwani kupiga kura, na wenye vibanda vya sokoni wapewe nafasi ya kuusoma na kuuliza maswali yao katika mkutano wa hadhara.