Kanisa la Mzee Justo

Juma hili twawaalika tufunge safari kwa mawazo mpaka Hispania. Kilometa 20 hivi mashariki ya Madrid uko mji mdogo uitwao Mejorada del Campo. Msafiri akiwa bado barabarani huona, juu ya mapaa ya nyumba, kuba kubwa na minara isiyolingana. Husimama akauliza: Kanisa gani hili, mbona halijaisha? Wenyeji humjibu: Ni kanisa la Justo.

Justo Gallego alizaliwa hapo mwaka 1925, mtoto wa wakulima. Vita ya Hispania ya 1936 mpaka 1939 ilimkatiza masomo. Alipokuwa mtu mzima aliingia utawa kwa Watrapisti wa Santa María de Huerta, akakaa huko miaka kama minane. Kisha akashikwa na kifua kikuu. Watawa wakaogopa ugonjwa usije ukawaenea wote, wakamwomba arudi kwao. Fikirini uchungu wa mtu huyo: hakufukuzwa kwa kosa, mapafu yake ndiyo yaliyomtoa. Alimwahidi Bikira Maria wa Nguzo kwamba akipona atamjengea kanisa. Akapona. Tarehe 12 Oktoba 1961, sikukuu ya Bikira Maria huyo, alianza kuchimba msingi katika shamba alilorithi kwa wazazi wake.

Hakuwa mwashi, wala hakupata kusoma ufundi wa kujenga. Ramani hakuchora; aliichukua kichwani mwake, baada ya kutazama vitabu vya makanisa na ngome za kale. Mali yake ilikuwa mashamba, akayauza kidogo kidogo apate kununua vifaa. Fedha haikutosha, basi akaokota. Mapipa matupu ya petroli aliyafanya kalibu, akamimina simenti ndani yake, zikatoka nguzo za mviringo. Kiwanda cha jirani kilimpa matofali yaliyoharibika motoni, yaliyopinda na kuvimba, ambayo mwashi mwingine angeyatupa. Vioo vya rangi alivisaga, akavibandika kwa gundi madirishani. Wasomaji wetu ambao wazee wao walifinyanga na kuchoma matofali ya kanisa la misioni wataelewa upesi kuliko wageni wa mjini: tofali moja si kitu, lakini mgongo huyakumbuka yote.

Watu wengi walimcheka, wakasema ana wazimu. Mara kwa mara jamaa na watu wa hiari walimsaidia, lakini siku nyingi alifanya kazi peke yake au na msaidizi mmoja. Jumapili alipumzika. Hivyo kwa miaka 60! Jengo likafika urefu wa mita 50 hivi, na kuba ikapanda karibu mita 40.

Hapa hatuna budi kusema mawili. Kwanza, watu huliita katedrali, nasi twasahihisha: katedrali ni kanisa lenye kiti cha askofu, na hilo halina. Mpaka Justo alipofariki halikuwa hata limetabarukiwa. Pili, alijenga pasipo kibali cha serikali. Sisi hatuwashauri wanafunzi wetu wa ufundi wamwige katika jambo hilo. Ukuta usiopimwa waweza kuua watu, na nia njema haizuii tofali kuanguka.

Ndiyo sababu wengi walikuwa na hofu: mzee akifa, je, jengo litabomolewa? Yeye mwenyewe aliona siku zake zinakwisha, akalikabidhi kwa Mensajeros de la Paz, shirika la Padre Ángel García linalowahudumia watoto na maskini. Wahandisi wakaja kulipima. Wakakuta kwamba kuta zile za matofali mabovu zimesimama imara. Tarehe 28 Novemba 2021 Justo alifariki, mwenye umri wa miaka 96, kazi ikiwa haijaisha, na shirika likabaki na mzigo wa kuliimarisha, kulimaliza na kulitafutia kibali.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Anayetengeneza nyumba ya kawaida hunyoosha kilichopinda. Lakini hapa, ukinyoosha kila kilichopinda, kitabaki nini cha Justo? Utakuwa na kanisa jipya mahali pa lake. Tena ukiacha kila kitu kama kilivyo, mvua itapenya, chuma kitashika kutu, na watu hawataweza kuingia pasipo hatari.

Sisi si wahandisi, lakini kama tungeulizwa, tungejibu hivi: Nyufa zizibwe, paa lifunikwe, ngazi zitiwe vizuizi ili mtoto asianguke. Lakini zile nguzo za mapipa zisipakwe lipu, na matofali yaliyopinda yaachwe yaonekane.