Vitundu Kwenye Kichungi

Dada mmoja wa Brooklyn Park ameuliza: mume wake ameacha sigara kali, sasa anavuta ile "laiti" ya pakiti ya rangi ya dhahabu. Je, amepunguza hatari? Pole dada yangu, hapana. Na sehemu kubwa ya ushahidi ilianikwa hapa hapa kwetu.

Mwaka 1994 jimbo la Minnesota, chini ya Mwanasheria Mkuu Hubert Humphrey III, lilizishtaki kampuni za tumbaku. Kesi ilianza kusikilizwa Saint Paul Januari 1998. Tarehe 8 Mei, kabla jopo halijaanza kujadili uamuzi, kampuni zilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 6 kwa miaka 25. Fedha ni fedha, lakini mimi naona faida kubwa ni makaratasi. Mamilioni ya kurasa za siri za kampuni hizo ziliwekwa kwenye ghala Minneapolis, na leo yeyote anazisoma bure mtandaoni.

Humo utakuta jinsi sigara inavyobuniwa. Kichungi cha "laiti" kina safu ya vitundu vidogo sana. Mashine ya kupimia ikivuta, hewa huingia kwenye vitundu, moshi hupungua ukali, na kipimo huonyesha lami na nikotini kidogo. Lakini mashine haina vidole wala midomo! Mtu huviziba bila kujua, na mwili ukikosa nikotini uliyoizoea, huvuta kwa nguvu zaidi au huwasha nyingine. Kampuni zilijua hivyo miaka mingi.

Walijaribu pia sigara salama zaidi. Miaka ya 1970 Liggett walitengeneza moja yenye madini ya paladiamu. Panya waliopakwa lami yake walipata uvimbe kidogo kuliko kawaida. Haikufika dukani. Ukiuza moja kwa jina la salama, umekiri kuhusu zile nyingine zote. R.J. Reynolds walileta Premier mwaka 1988, iliyopasha tumbaku joto badala ya kuiunguza. Wavutaji walilalamikia ladha na harufu, ikaondolewa mwaka uliofuata.

Tangu Juni 2010 neno "laiti" limepigwa marufuku kwenye pakiti Marekani. Rangi ndiyo imechukua nafasi yake, ndiyo maana ya dhahabu hiyo.

Shemeji akitaka kuacha, apige 1-800-784-8669, huduma ni ya bure, aombe mkalimani wa Kiswahili.

Wazazi wenzangu, tazameni pia vile vipakiti vyeupe vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo. Nairobi viliingia 2019 kwa jina la Lyft. Hapa viko kwenye kila kituo cha mafuta. Havina moshi, na kwa mvutaji sigara aliyehamia huko kabisa madhara ni machache. Lakini kijana wa miaka 16 hakuwa anavuta chochote. Kwake huo ni ugoro wenye harufu ya minti, na nikotini yake inashika vilevile.