Nyumba na Bustani: Mkuyu wa Kuhama Nao



Juma hili tunazungumza juu ya jambo linalowagusa hasa ndugu zetu walio katika kazi ya ulinzi, pamoja na jamaa zao. Ni mara ngapi mama wa nyumba amepanda mwembe au mparachichi nyuma ya nyumba ya serikali, akaumwagilia maji kiangazi kizima, kisha amri ya uhamisho ikafika kabla mti haujazaa tunda la kwanza? Mizigo hupakiwa garini, mti hubaki, na matunda yake huliwa na atakayekuja. Tena kwa ndugu zetu wa mwambao wa Rumonge liko jambo la pili. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, watu wengi wa ufukoni waliondoka na kile walichoweza kubeba. Mti wa uani haubebeki.

Hata hivyo, uko mti unaobebeka. Wajapani huuita bonsai, maana yake ni kitu kilichopandwa katika chombo, na ufundi wenyewe waliupata kwa Wachina. Bonsai si mbegu ya ajabu, wala si mti uliozaliwa mfupi. Ni mti wa kawaida unaowekwa mdogo kwa kupogolewa matawi na mizizi, na aghalabu huishi kuliko yule aliyeupanda. Uko msonobari mmoja wa Kijapani ulioanza kutunzwa chomboni mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, msonobari huo ulikuwa katika bustani ya ukoo wa Yamaki, umbali wa kilomita tatu hivi, nyuma ya ukuta, ukasalimika. Mwaka 1976 Bwana Masaru Yamaki aliutoa kuwa zawadi kwa Marekani, na hata leo unaonekana mjini Washington.

Sasa, kwa anayeanza hapa Rumonge, achague mti gani? Wengine watatazama milima iliyo juu ya mji, penye miyombo, au msitu wa Kigwena ulio kusini. Tunawasihi wasiende huko na jembe. Misitu hiyo ni hifadhi, na ni masalio tu ya misitu iliyokuwa mingi zamani. Tena mche wa myombo hupeleka nguvu zake chini miaka kadhaa kabla ya kurefuka, na mizizi yake huishi kwa kushirikiana na kuvu zilizomo udongoni. Ukiung'oa, aghalabu hufa.

Mti wa kuanzia ni mkuyu wa porini, au mwingine wowote wa jamii ya mikuyu. Nao hauhitaji kutafutwa mbali. Rumonge ni nchi ya michikichi. Ndege hula kuyu, hutua juu ya mchikichi mzee, na mbegu huota katika mashina ya makuti yaliyokatwa. Mizizi ya mkuyu huo hushuka, huuzunguka mchikichi, na mwisho huukaba. Kwa hiyo mwenye shamba, ukimwomba kwa adabu, atafurahi kukuona ukiung'oa. Utautambua kwa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo usiingie machoni, na mikono ioshwe baada ya kazi.

Usipopata mche, kata kijiti cha mkuyu chenye unene wa kidole gumba na urefu wa shubiri mbili. Kiache kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha kichomeke ardhini nusu yake. Wazee wetu walipanda nyua zao kwa njia hiyo hiyo. Wakati mzuri ni Oktoba au Novemba, mvua zinapokuwa zimeanza.

Chombo hakina gharama. Chukua dumu tupu la mafuta ya mawese, ulioshe kwa sabuni, ulikate katikati, utoboe chini matundu sita au manane. Changanya sehemu mbili za udongo, sehemu moja ya mchanga mnene uliooshwa, na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwa kuwa wanataka mti mdogo, huuweka tangu mwanzo katika kibakuli, nao hubaki kijiti chembamba miaka na miaka. Mti hunenepa ukiwa na nafasi. Uachieni dumu mwaka mmoja au miwili, ukue upendavyo, hata urefu upite kimo cha mtoto, mpaka shina lifikie unene wa kidole gumba cha mguu. Baada ya hapo, mvua zinapoanza, ukateni shina kwenye urefu wa shubiri moja. Msiogope, mkuyu wenye afya huchipua upya. Machipukizi yakifikisha majani sita au manane, punguzeni yabaki mawili au matatu, na jani la mwisho litazame nje. Rudieni hivyo kila mara, na matawi yatagawanyika, na majani yenyewe yatapungua ukubwa.

Mwaka unaofuata ndipo mti uhamishiwe katika chungu kipana, kisichozidi kina cha vidole vinne. Vyungu vya wafinyanzi wetu vinafaa sana, mradi vitobolewe chini. Kateni mzizi mkuu unaoshuka, punguzeni theluthi moja ya mizizi mingine, itandazeni pande zote, kisha mti ukae kivulini majuma mawili. Tawi mnalotaka kulipinda lizungushieni waya laini wa shaba au wa alumini, na kila juma mlitazame. Mkuyu hunenepa upesi, na waya uliosahauliwa huacha kovu.

Tusifiche ukweli: mti huu hautawapa tunda la kuuza, wala kuni, wala kivuli cha kukaa. Tena ni mti usiovumilia kusahauliwa. Mti wa ardhini hujitafutia maji, wa chunguni hauwezi. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, siku mbili za kupuuzwa zaweza kuukausha. Basi ufanyieni kama mfanyavyo kwenye lindo, wekeni zamu. Kila asubuhi mtoto mmoja achovye kidole udongoni, akikuta pakavu amwagilie. Ukae nje juani, mbali na mbuzi. Baba akiwa kazini mbali kwa miezi, watoto wamhifadhie zamu yake, naye akirudi apewe mkasi ili tawi moja alipogoe mwenyewe.

Liko jambo la mwisho. Mti wa bonsai haukusahau ukubwa wake. Siku ya kustaafu itakapofika, na jamaa ikapata kiwanja chake yenyewe, mkuyu huo huo waweza kutolewa chunguni na kupandwa ardhini, nao utakua kama mikuyu mingine yote. Upandeni mbali na kuta na visima, maana mizizi yake ina nguvu. Watoto walioumwagilia katika kila kituo mlichopita watakaa chini ya kivuli chake wakiwa watu wazima.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kutengeneza samadi nzuri katika ua mdogo. Hadi hapo, kwaherini.